Maswali ya Wasomaji: Kutoka Gereji ya Loudun hadi Kiti cha Spika wa Seneti

SWALI: Ndugu Mhariri, katika mjadala mmoja kuhusu siasa za Ufaransa nilisikia jina la René Monory, mtu ambaye inasemekana alikuwa na gereji katika mji mdogo, kisha akafika hadi kuwa Spika wa Seneti. Siku zote nimeamini kwamba viongozi wa nchi ile hutoka katika vyuo vichache vya Paris. Je, habari hiyo ni ya kweli? Na kama ni ya kweli, alipitia njia gani?

JIBU: Ndugu msomaji, habari hiyo ni ya kweli, na imani yako kuhusu vyuo vya Paris nayo si potofu, kwa sababu mawaziri wengi wa Ufaransa wamepitia huko. Monory ni mmoja wa waliopita njia nyingine, na njia hiyo tutaielewa tu tukijua jinsi seneta wa Ufaransa anavyochaguliwa.

Alizaliwa tarehe 6 Juni 1923 huko Loudun, mji wenye wakazi wasiofika 10,000, kaskazini mwa eneo la Vienne, magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa na gereji. Kijana huyo aliacha masomo mapema bila kupata baccalauréat, yaani cheti kinachomfungulia Mfaransa mlango wa chuo kikuu, akaingia kazini kwa baba yake, na hatimaye akaiendesha biashara hiyo mwenyewe na kuipanua kwa kuuza magari na zana za kilimo. Kwa hiyo tunapomwita mtu wa gereji tusimfikirie kibarua aliyelala chini ya gari maisha yake yote. Alikuwa mfanyabiashara wa mji mdogo, aliyejuana na wakulima wa vijiji vya jirani kwa sababu matrekta yao yalipita mikononi mwake. (Loudun, kwa faida ya wapenzi wa historia, ndiko alikozaliwa mwaka 1586 Théophraste Renaudot, aliyeanzisha gazeti la La Gazette mwaka 1631. Ndiko pia padri Urbain Grandier alikochomwa moto mwaka 1634 kwa tuhuma za uchawi. Ni mji mdogo, lakini haukukosa visa.)

Mwaka 1959 Monory alichaguliwa kuwa meya wa Loudun, na cheo hicho hakukiacha mpaka mwaka 1999, baada ya miaka 40. Mwaka 1961 aliingia katika halmashauri ya Vienne, mwaka 1968 akawa seneta, na mwaka 1977 akawa mwenyekiti wa halmashauri hiyo ya Vienne, kiti alichokikalia hadi mwaka 2004.

Hapa naomba nitue kidogo kwa ajili ya maneno, maana ngazi za utawala za Ufaransa hazilingani na zetu. Ngazi ya chini kabisa ina meya na madiwani wake, na hata kijiji cha watu 100 kina meya. Juu yake kuna kile Wafaransa wanachokiita département. Wengine hutafsiri neno hilo kuwa idara, lakini idara kwetu ni sehemu ya ofisi, hivyo mimi nitasema wilaya, ingawa wilaya hizo ni kubwa: Vienne peke yake ilikuwa na manispaa na vijiji 281 vyenye mameya. Juu ya wilaya kuna mkoa. Mkoa wa Monory uliitwa Poitou-Charentes na ulikuwa na wilaya nne, nazo ni Charente, Charente-Maritime, Deux-Sèvres na Vienne.

Sasa tufike kwenye kiini cha swali lako. Mbunge wa Ufaransa huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, lakini seneta hachaguliwi hivyo. Anayempigia kura seneta ni mtu ambaye mwenyewe tayari amechaguliwa au ametumwa na waliochaguliwa: wabunge na maseneta wa eneo husika, wajumbe wa halmashauri za mkoa na wilaya, na juu ya wote wajumbe wanaotumwa na mabaraza ya madiwani. Wapiga kura hao kwa nchi nzima ni takriban 162,000, na karibu 95 kati ya kila 100 hutoka katika mabaraza hayo ya madiwani. Kijiji chenye baraza dogo hutuma mjumbe mmoja, mabaraza makubwa zaidi hutuma 3, 5, 7 au 15 kulingana na ukubwa wake, na katika miji inayofikia wakazi 9,000 madiwani wote hupiga kura. Siku ya uchaguzi, ambayo ni Jumapili, wajumbe hukusanyika katika mji mkuu wa wilaya, na asiyefika bila sababu ya msingi hutozwa faini ya euro 100.

Fikiria maana ya utaratibu huo katika wilaya ya mashamba na vijiji kama Vienne, ambayo huchagua maseneta wawili tu. Mgombea hahitaji kujulikana na mamilioni. Anahitaji kujulikana na mameya na madiwani wachache, lakini kujulikana kwelikweli: nani alikisaidia kijiji kupata barabara, nani alijibu barua, nani alikuja mazishini. Kwa uchaguzi wa namna hiyo, mtu aliyeuza na kukarabati matrekta ya eneo zima, akawa meya, kisha akashika funguo za hazina ya wilaya inayotoa ruzuku kwa vijiji, ana mtaji ambao shahada haiwezi kuununua. Wafaransa wenyewe wana mazoea ya kuiita Seneti baraza kuu la manispaa za Ufaransa, na kwa Monory jina hilo lilikuwa maelezo sahihi kabisa ya kazi yake.

SWALI: Mbali na useneta, alifanya nini katika serikali? Nimeambiwa aliwahi kuwa waziri wa uchumi, jambo ambalo kwa mtu asiye na shahada linanishangaza.

JIBU: Lilishangaza hata huko kwao. Aliingia serikalini mwaka 1977 akiwa waziri wa viwanda, biashara na ufundi. Mwaka uliofuata Waziri Mkuu Raymond Barre, ambaye alikuwa profesa wa uchumi na ambaye mpaka wakati huo alikuwa akiishika wizara ya uchumi yeye mwenyewe, alimkabidhi Monory wizara hiyo. Profesa alimwachia mwenye gereji! Hata hivyo uteuzi huo ulikuwa na mantiki yake. Tangu amri ya mwaka 1945 serikali ya Ufaransa ilikuwa na mamlaka ya kupanga bei za bidhaa, na Barre alikusudia kulegeza kamba hiyo. Kazi ya kuondoa udhibiti wa bei za viwandani, na hata ya mkate, ilifanyika mwaka 1978 chini ya Monory, na kwa Mfaransa kugusa bei ya mkate si jambo dogo. Mtu aliyewahi kupanga bei dukani kwake aliweza kulieleza jambo hilo kwa lugha ambayo wenye maduka waliielewa.

Kumbukumbu yake nyingine ni sheria ya tarehe 13 Julai 1978, ambayo kwa muda mrefu watu waliita kwa jina lake. Iliruhusu kaya kuondoa katika mapato yanayotozwa kodi hadi faranga 5,000 kwa mwaka, endapo fedha hizo zingetumika kununua hisa za kampuni za Ufaransa. Shabaha ilikuwa kuwavuta watu wa kawaida waliozoea kuweka akiba benki au katika ardhi waingie katika soko la hisa. Aliondoka wizarani mwaka 1981, baada ya François Mitterrand kushinda urais.

Wizara ya elimu, aliyoishika kuanzia mwaka 1986 hadi 1988 chini ya Jacques Chirac, haikumpa raha kama ile. Chini yake alikuwapo waziri mdogo wa elimu ya juu, Alain Devaquet, aliyepeleka bungeni muswada wa kubadili vyuo vikuu. Wanafunzi walihofu kwamba vyuo vingepewa uhuru wa kuchuja wanaoingia na kupandisha ada, nao wakajaa barabarani kwa mamia ya maelfu. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba 1986 mwanafunzi Malik Oussekine, mwenye umri wa miaka 22, alifariki baada ya kupigwa na polisi mjini Paris. Devaquet alijiuzulu, na tarehe 8 Desemba Chirac akauondoa muswada. Monory alibaki katika kiti chake. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipindi kinachoonyesha mpaka wa ujuzi wake: alizoea kuzungumza na mameya waliomjua kwa jina, na umati wa vijana wa Paris haukuwa na sababu yoyote ya kumsikiliza.

SWALI: Ni kweli kwamba alitumia fedha za umma kujenga uwanja wa burudani? Hiyo si ndiyo tabia ya wanasiasa wanaotaka kuacha majina yao?

JIBU: Ni kweli kwamba fedha za wilaya ndizo zilizoanzisha Futuroscope, kituo cha maonyesho ya picha na teknolojia kilichofunguliwa tarehe 31 Mei 1987, kilomita kama 10 kaskazini mwa mji wa Poitiers. Majengo yake ya vioo, yaliyobuniwa na msanifu Denis Laming, yalisimama katikati ya mashamba, na watu wengi walidhani mwenyekiti wa halmashauri ameota ndoto za mchana. Vienne haikuwa na bahari wala milima, na viwanda vyake vilikuwa vichache. Vijana walisoma wakaondoka. Hoja ya Monory ilikuwa kwamba wilaya maskini wa vivutio inapaswa kukitengeneza kivutio chake yenyewe, na kwamba burudani pekee haitoshi kama pembeni yake hakuna shule na kazi.

Kwa hiyo karibu na uwanja huo kulijengwa shule ya sekondari ya majaribio, maabara, na ofisi za kampuni. Shule ya uhandisi wa anga ya ENSMA ilihamia hapo kutoka mjini Poitiers, na kituo cha taifa cha elimu ya masafa kikaweka makao yake hapo. Utaona kwamba elimu ya masafa iko chini ya wizara ya elimu, na kwamba mwenyekiti wa halmashauri ya Vienne na waziri wa elimu walikuwa, kwa miaka miwili, mtu yule yule. Wakosoaji wake waliliona hilo, na mimi siwalaumu. Seneta mwenye ushawishi Paris na hazina mkononi nyumbani anaweza kuvuta mambo kuelekea kwake kwa njia ambayo wilaya jirani haiwezi.

Je, uwanja ulifanikiwa? Katikati ya miaka ya 1990 ulipokea wageni zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Mwaka 2000 uliuzwa kwa kampuni ya Amaury, idadi ya wageni ikashuka, na wilaya ikalazimika kurudi kuushika. Tangu mwaka 2011 unaendeshwa na Compagnie des Alpes kama mwenye hisa mkubwa. Treni ya mwendo kasi ilipata kituo chake hapo mwaka 2000. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba aliacha jina, ndiyo, lakini aliacha pia ajira, na mwenye haki ya kupima kipi kilizidi ni mlipa kodi wa Vienne.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, umetaja umeya, uenyekiti wa wilaya na useneta kwa wakati mmoja. Sheria iliruhusu mtu mmoja kuvaa kofia zote hizo?

JIBU: Iliruhusu, na kwa muda mrefu haikuweka kikomo chochote cha maana. Kuanzia mwaka 1985 hadi 1986 Monory aliongeza hata kofia ya nne, uenyekiti wa halmashauri ya mkoa wa Poitou-Charentes. Sheria ya tarehe 30 Desemba 1985 ndiyo iliyoanza kuhesabu vyeo na kumwekea mtu mpaka wa viwili vikubwa, lakini ilihesabu umeya wa miji yenye wakazi 20,000 na kuendelea tu. Loudun haikukaribia idadi hiyo, kwa hiyo mbele ya sheria Monory alikuwa seneta na mjumbe wa halmashauri ya wilaya, na umeya wake wa miaka yote hiyo haukuhesabika kabisa. Udogo wa mji wake ulimlinda.

Utetezi wa desturi hiyo ulikuwa kwamba seneta asiye na halmashauri nyumbani husahau shida za vijiji. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ina upande mwingine ambao watetezi wake hawakupenda kuutaja: mtu mwenye kofia tatu ana wasaidizi wengi wanaofanya kazi kwa jina lake, na kijana anayetaka kuanza siasa hukuta kila mlango una mtu yule yule. Sheria ya mwaka 2000 ilizuia kuwa meya na mwenyekiti wa wilaya kwa pamoja. Sheria ya tarehe 14 Februari 2014, iliyoanza kutumika mwaka 2017, ilikwenda mbali zaidi na kumkataza mbunge au seneta kuwa meya au kuongoza halmashauri yoyote. Anaweza kubaki diwani wa kawaida, basi. Safari ya Monory, kama alivyoisafiri yeye, leo ingekuwa kosa kisheria.

SWALI: Spika wa Seneti ana mamlaka gani hasa? Nimesoma kwamba Bunge ndilo lenye kauli ya mwisho.

JIBU: Umesoma sahihi. Mabaraza mawili yakishindwa kuafikiana juu ya muswada wa kawaida, serikali inaweza kuliomba Bunge liamue peke yake. Katiba ni jambo tofauti, kwa maana marekebisho yake lazima yapitishwe na mabaraza yote mawili kwa maneno yale yale, na hapo Seneti ikikataa hakuna wa kuipita ndani ya utaratibu huo. Spika wake naye huteua wajumbe watatu kati ya tisa wa Baraza la Katiba. Na kiti cha Rais wa Jamhuri kikiwa wazi, yeye ndiye anayekikaimu mpaka uchaguzi ufanyike.

Hilo la mwisho si la kinadharia. Mwaka 1969 Jenerali de Gaulle aliwaomba Wafaransa, kwa kura ya maoni, wakubali kuunda mikoa yenye nguvu na kuipunguzia Seneti mamlaka. Tarehe 27 Aprili asilimia 52.41 walikataa, Jenerali akajiuzulu, na aliyeikaimu nafasi yake akawa Spika wa baraza lile lile alilotaka kulipunguza, Alain Poher. Monory alikuwa na miezi michache tu katika Seneti. Poher alikaimu tena mwaka 1974, alipofariki Rais Georges Pompidou.

Monory alimrithi Poher tarehe 2 Oktoba 1992, wiki chache baada ya kutangazwa kwamba Rais Mitterrand ana saratani. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka miwili mtu wa Loudun aliishi akijua kwamba simu moja ingeweza kumpeleka Ikulu ya Élysée. Simu hiyo haikulia, kwani Mitterrand alimaliza muhula wake Mei 1995 na kufariki Januari 1996. Oktoba 1998 maseneta walimchagua Christian Poncelet badala ya Monory, na Poncelet naye alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya wilaya, ile ya Vosges. Monory aliondoka katika Seneti na katika halmashauri ya Vienne mwaka 2004, akafariki tarehe 11 Aprili 2009 akiwa na umri wa miaka 85. Wasomaji wa Afrika huenda wakapenda kujua kwamba mji wake una uhusiano wa miji dada na Ouagadougou, mji mkuu wa Burkina Faso, ambao wakazi wake ni wengi mara mamia kuliko wa Loudun.

SWALI: Waziri Mkuu wa zamani Jean-Pierre Raffarin naye si alitoka Vienne? Je, alikuwa mwanafunzi wake?

JIBU: Mwanafunzi ni neno kubwa, lakini walitoka eneo moja na kambi moja ya kisiasa ya mrengo wa kati na kulia, na Septemba 1995 wote wawili walichaguliwa kuwa maseneta wa Vienne. Raffarin, aliyezaliwa Poitiers mwaka 1948, alikuja kwa njia tofauti: baba yake aliwahi kuwa katika serikali ya Pierre Mendès France, naye mwenyewe alisomea biashara Paris na kufanya kazi ya masoko katika kampuni ya kahawa ya Jacques Vabre. Mkoa ndio uliompandisha. Aliongoza halmashauri ya Poitou-Charentes kuanzia mwaka 1988 hadi 2002, Jacques Chirac alipomteua kuwa Waziri Mkuu. Mwezi Machi 2003 serikali yake ilisimamia marekebisho ya Katiba yaliyotamka kwamba utawala wa Jamhuri ya Ufaransa umegatuliwa, maneno ambayo mtu wa mikoani aliyangoja kwa muda mrefu. Mwaka mmoja baadaye chama chake kilipigwa vibaya katika uchaguzi wa mikoa, na Poitou-Charentes, nyumbani kwake, ikaenda kwa Ségolène Royal. Alijiuzulu tarehe 31 Mei 2005, siku mbili baada ya Wafaransa kuikataa Katiba ya Ulaya kwa kura ya maoni.

Wakati ule sheria haikumrudishia waziri aliyetoka serikalini kiti chake cha useneta. Kiti kilibaki kwa aliyekikaimu mpaka kiwe wazi, kwa hiyo Raffarin alirudi Seneti kupitia uchaguzi mdogo wa Septemba 2005. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2008 yaliondoa usumbufu huo. Mwaka huo huo aliwania kupeperusha bendera ya chama chake kwa kiti cha Spika akashindwa na Gérard Larcher, kisha kuanzia mwaka 2014 akaongoza kamati ya mambo ya nje na ulinzi mpaka alipoondoka mwaka 2017. Kiti ambacho yeye na Monory walikikalia kwa zamu, cha mwenyekiti wa Poitou-Charentes, hakipo tena: tangu Januari 2016 mkoa huo umeunganishwa na Aquitaine na Limousin kuwa Nouvelle-Aquitaine, na makao yake makuu yako Bordeaux.